Mwalimu wa Moshi anauliza: Je, Krismasi ya Leeds itakuwa na theluji?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kibosho, Moshi. Mwaka huu sitahesabiwa nyumbani. Binti yangu aliyeolewa Leeds, Uingereza, amenitumia tiketi nikale Krismasi na wajukuu. Mkwe wangu, ambaye ni mwenyeji wa huko, anasema theluji siku ya Krismasi ni bahati nasibu. Simu yangu nayo tangu Novemba inaonyesha alama ya theluji tarehe 25. Nimwamini nani? Na wenyeji wenyewe wanaipenda hiyo theluji au wanaiogopa? Nisije nikashangilia peke yangu.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Simu usiiamini. Mkwe wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa bahati nasibu hiyo ina tabia zake, na kuzijua tabia hizo ndiyo kazi yangu. Nilizaliwa Tanga, nimetabiri hali ya hewa kaskazini mwa Uingereza kwa miaka 14, na kila Novemba swali hili hunifikia, kwa kawaida kutoka kwa mtu wa Dar au Mombasa ambaye hajawahi kuona theluji hata kwa mbali. Wewe ni wa kwanza kuniuliza ukiwa unaishi chini ya mlima wenye theluji yake.

Kwa hesabu yangu, uwezekano wa kuamka siku ya Krismasi katikati ya Leeds ukakuta ardhi imefunikwa nyeupe haufiki mara moja katika miaka kumi. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, asubuhi hiyohiyo, mawingu yakifunguka, kitakuwa na weupe wake kama kawaida. Unaiacha nyumbani, unaifuata ugenini.

Ila inategemea unachokiita Krismasi nyeupe. Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, inahesabu hivi: chembe moja ya theluji ikionekana inaanguka wakati wowote ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba, popote pale nchini, basi Krismasi hiyo ni nyeupe. Chembe moja! Kipimo hiki kina uhusiano mkubwa na kamari. Waingereza huiwekea theluji ya Krismasi pesa kama wanavyoiwekea mpira, na wachezesha kamari wanahitaji jibu lisilobishaniwa. Zamani ilitazamwa paa moja tu, la jengo la Met Office jijini London. Siku hizi vituo ni vingi, kwa hiyo kupata chembe moja mahali fulani, hasa milima ya Scotland, si jambo la ajabu. Mwaka 2023 asilimia 11 ya vituo viliona theluji ikianguka, na hakuna hata kimoja kilichoripoti theluji iliyotanda chini. Kwenye vitabu ile ilikuwa Krismasi nyeupe. Mtoto aliyechungulia dirishani aliona lami iliyolowa.

Theluji ya kutanda, ile ya kwenye kadi, ndiyo adimu. Tangu 1960, Krismasi ambazo zaidi ya asilimia 40 ya vituo vilikuta theluji ardhini saa tatu asubuhi ni nne: 1981, 1995, 2009 na 2010. Mwaka 2010 vilifika asilimia 83, na bado haujapatikana mwaka wa kuushinda. Muulize mkwe wako kuhusu 2010, kisha uandae chai, maana hadithi itakuwa ndefu.

Sasa kwa nini ni adimu, wakati Leeds iko kaskazini kiasi kile? Kwanza ufahamu kwamba sehemu kubwa ya mvua ya Desemba huku huanza ikiwa theluji, juu mawinguni. Inaposhuka hukutana na hewa yenye joto, ikayeyuka, ikatufikia ikiwa maji. Kwa hiyo mtabiri hajiulizi kama theluji ipo. Anajiuliza mstari wa nyuzi 0 uko mita ngapi kutoka ardhini. Wewe jambo hili unalijua kwa miguu. Ukitoka Moshi mjini ukapanda mpaka geti la Marangu, umepanda mita elfu moja hivi na sweta umeshaivaa, kwa sababu hewa hupoa kama nyuzi 6 au 7 kwa kila mita elfu. Kilimanjaro mstari ule hukaa juu sana na hauhamihami sana. Leeds mwezi Desemba leo uko mita 2,000, keshokutwa umeshuka mpaka kwenye paa za nyumba.

Anayeuhamisha ni upepo. Sisi wa pwani tumelelewa na kaskazi na kusi, kila mmoja na miezi yake, hata mvuvi asiyejua kusoma anajua lini utageuka. Uingereza upepo haushiki zamu namna hiyo. Siku nyingi huvuma kutoka magharibi, juu ya bahari ya Atlantiki, na bahari hiyo ni vuguvugu kuliko unavyotarajia kwa eneo la kaskazini kiasi kile. Upepo huo huleta mvua, mawingu mazito na joto la nyuzi 7 hivi mchana. Theluji ya maana inataka upepo ugeuke, uje kutoka kaskazini kabisa au mashariki, upande wa Urusi. Na hapo Desemba ina kasoro moja: bahari ya Kaskazini, iliyo kati ya Uingereza na bara la Ulaya, bado haijapoa. Ni sufuria iliyoepuliwa jikoni muda si mrefu. Hewa ya baridi ikipita juu yake hupashwa moto kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuharibu kila kitu. Bahari hufikia ubaridi wake wa mwisho Februari na Machi, ndiyo maana Januari na Februari huwa na siku nyingi zaidi za theluji kuliko Desemba. Ule upepo mkali wa mashariki wa 2018, uliofunga barabara na shule nchi nzima, ulikuja mwishoni mwa Februari. Kama viza yako inaruhusu na wajukuu hawajakuchoka, kaa mpaka Februari. Nasema kwa dhati.

Kuna kitu kingine kinachotunyima usingizi sisi watabiri: theluji inapoyeyuka angani hunyonya joto la hewa inayoizunguka. Mvua kubwa ikinyesha muda mrefu bila upepo, hewa hupoa yenyewe, na mvua ile hugeuka theluji mbele ya macho yako wakati umeshatangaza mvua. Kinyume chake hutokea pia. Nusu nyuzi tu inatosha. Mara ya kwanza ilinipata nikiwa peke yangu zamu ya usiku. Nilitangaza matone ya mvua, asubuhi nikalifukua gari langu kwa sahani ya plastiki kwa sababu koleo sikuwa nalo.

Ndiyo maana nasema simu yako inaropoka. Tunachofanya ni kuiendesha hesabu ileile ya anga mara nyingi, kila mara tukibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kwa kuwa hakuna anayeijua hali ya sasa ya anga yote kwa ukamilifu. Majibu yakifanana, tunasema kwa kujiamini. Yakitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, tunanyamaza. Kwa theluji ya Krismasi, siku tano kabla ndiyo mwanzo wa kusema kitu cha kushika mkononi. Alama inayowekwa mwezi mzima kabla mara nyingi ni wastani wa miaka iliyopita uliovalishwa picha. Magazeti ya udaku ya huku nayo huanza kutangaza theluji kuanzia Oktoba. Yauzwe, watoto wale.

Basi ifungue simu tarehe 20. Tazama upepo: ukitoka kusini-magharibi, sahau. Ukitoka kaskazini au mashariki na joto la mchana halizidi nyuzi 2, mwambie mjukuu asiende mbali na dirisha. Tazama pia nyumba ya binti yako iko kimo gani. Katikati ya Leeds ni kama mita 60 tu juu ya bahari, na nyumba nyingi na magari huongeza joto lao. Uwanja wa ndege wa Leeds Bradford, pale Yeadon, uko mita 208, na hakuna uwanja mkubwa wa ndege England ulio juu kuliko huo. Tofauti hiyo ni nyuzi moja hivi, na nimeeleza nyuzi moja inafanya nini. Mara nyingi mjini inanyesha mvua, Yeadon inaanguka theluji nyororo yenye majimaji, na mlimani Ilkley Moor, mita 402, kumekuwa kweupe kabisa.

Wenyeji sasa. Swali lako la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Waingereza wanaipenda theluji ya Krismasi kama wazo. Iko kwenye kadi, kwenye makopo ya biskuti, kwenye madirisha ya maduka. Hata sisi tuliirithi: nakumbuka Tanga, kwenye joto la nyuzi 32, tukinyofoa pamba na kuitandaza juu ya tawi la mvinje. Picha ile ilitengenezwa enzi za baridi kali, wakati mto Thames uliganda jijini London na watu wakafanya soko juu ya barafu, mara ya mwisho mwaka 1814. Tena kabla ya 1752, Uingereza ilipobadilisha kalenda na kuruka siku 11, Krismasi yao iliangukia siku tunazoziita leo mwanzo wa Januari, ndani zaidi ya majira ya baridi. Kalenda ikasogea, dunia ikapata joto, kadi zikabaki vilevile.

Theluji yenyewe ikifika, hisia zinategemea mtu anakwenda wapi asubuhi hiyo. Watoto hushuka vilima kwa trei za jikoni. Majirani ambao hawajasalimiana tangu Machi husimama barabarani na koleo wakizungumza, na hilo kwangu ndilo ajabu kubwa ya theluji. Wazee hujifungia, kwa kuwa kuteleza na kuvunjika nyonga katika umri wao si mchezo. Wafugaji wa kondoo wa milima ya Yorkshire hawana mapenzi nayo hata kidogo: wao huwatafuta wanyama wao chini ya marundo. Na wako ndugu zetu wengi wanaotunza wagonjwa na wazee. Tarehe 25 treni karibu zote hazifanyi kazi, na mabasi ni ya kuhesabu. Ikianguka theluji, dada wa Arusha mwenye zamu ya asubuhi anatembea. Ukimuuliza yeye kama anaipenda, jiandae kwa Kiswahili kisichoandikwa hapa.

Utaona pia masanduku ya njano kando ya barabara zenye vilima. Mna chumvi na changarawe, wananchi huzimwaga wenyewe barafu isishike. Magari ya serikali ya kumwaga chumvi hupita usiku. Kule Scotland yana majina ya utani, mojawapo Sir Andy Flurry, mchezo wa maneno juu ya jina la mcheza tenisi Andy Murray na neno lao la theluji inayopeperuka. Watu wanaoichukia kabisa theluji wasingehangaika kuyabatiza magari.

Ukitaka kujua watu wa Leeds wanaogopa nini hasa wakati wa Krismasi, usiwaulize theluji. Waulize mvua. Desemba 2015 ilikuwa na joto kuliko Desemba nyingine yoyote katika vipimo vya England ya kati vinavyoanzia 1659, upepo wa magharibi haukupumzika, na Boxing Day, yaani tarehe 26, mto Aire ulipanda ukaingia mjini. Barabara ya Kirkstall iligeuka mto, maduka na viwanda vidogo vikaharibika. Kwa hiyo ukisikia mtu wa pale anashukuru kwa Krismasi ya baridi na ukavu, yenye sakitu tu, yaani umande ulioganda, juu ya majani, muelewe. Mimi mwenyewe ndiyo ninayoiombea.

Vitu vichache vya mizigo. Viatu vyenye soli ya mpira iliyochongoka ni muhimu kuliko koti zito, kwa sababu kinachoangusha watu ni barafu nyembamba isiyoonekana, hutokea hata siku isiyo na theluji, hasa asubuhi baada ya mvua. Na jiandae kwa giza: jua litachomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi, litazama kabla ya saa kumi jioni. Wageni wengi kutoka kwetu huniambia giza liliwashinda kuliko baridi.

Mjini kukiwa na mvua tu, mwombe mkwe akupeleke Ilkley Moor kwa gari, si mbali. Na siku ya safari, kabla hujaelekea KIA, toka uani alfajiri mawingu hayajapanda, ukipige Kibo picha. Wajukuu wa Leeds wataitaka.