Nyuzi za kijivu kwenye mfereji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Chikongola unapita mfereji wa maji machafu. Tangu mvua zikatike, mawe yake yameota nyuzi za kijivu kama pamba iliyolowa, zinateleza. Mume wangu anasema ni kuvu na ndiyo inayoleta kipindupindu. Jirani anamwagilia mchicha maji hayohayo. Tufanyeje?
Mama Sharifa, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kuvu, ingawa wengi huidhania hivyo. Kwa maelezo yako hao ni bakteria, na maarufu zaidi kati yao huitwa Sphaerotilus. Nilipokuwa nafundisha biolojia Lindi, wanafunzi waliniletea nyuzi kama hizo ndani ya chupa. Tukaweka kipande mfano wa ncha ya sindano chini ya hadubini. Kila uzi ulikuwa mrija mwembamba unaopitisha mwanga, na ndani yake bakteria wamejipanga mmoja nyuma ya mwenzake kama shanga. Pembeni walijishikiza vijidudu vyenye umbo la kengele, kila kimoja kwenye kikonyo chake. Kijana mmoja akagonga meza: vyote vikajikunja kwa mpigo, kisha vikajinyoosha polepole. Darasa zima likanyamaza.

Nyuzi hizo hustawi kwa uchafu ulioyeyuka: maji ya vyombo, maji ya choo. Zinapokula humaliza oksijeni majini, ndiyo maana humwoni samaki humo. Lakini kipindupindu hazileti. Kimelea chake hutoka kwenye kinyesi cha aliyeambukizwa, na kwa macho hukioni, hata maji yakiwa maangavu. Kwa hiyo watoto wasichezee mfereji huo, wenye nyuzi au usio na nyuzi.

Nyuzi zenyewe zitakusaidia. Fuata mfereji kuelekea yanakotoka maji mpaka ukute mawe yasiyo nazo. Karibu na hapo zinapoanzia, tafuta bomba au choo kinachotiririsha. Nenda na mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata wakaone wenyewe.

Mchicha wa jirani upikwe uive sawasawa. Kisu na ubao ulivyokatia mchicha huo mbichi, vioshe kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya za kachumbari. Na tafadhali, mwombe jirani asiusuuze mfereji­ni kabla ya kuupeleka sokoni. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu mnunuzi anauona una matone ya maji, anadhani umetoka bombani.