Daftari la muuza samaki

Mmeuliza wiki hii: tajiri akikataa kukulipa kazi uliyofanya, uanze kubisha mlango gani? Mimi nilibisha mitatu isiyofaa kabla ya kufika kwenye unaofaa, kwa hiyo nina la kusema.

Nilikuwa mpishi kwenye hoteli ya chakula hapa Arua, Uganda. Tulipatana kwa mdomo, shilingi 200,000 kwa mwezi. Kuanzia Julai mshahara ukakatika. Nikimuuliza Hajati, mwenye hoteli, ananijibu, "Mwanangu, vumilia, wiki ijayo." Mwisho wa Septemba nikadai kwa sauti mbele ya wateja. Kesho yake nikamkuta mpishi mwingine jikoni, na Hajati akaniuliza, "Karatasi ya kazi unayo?"

Sikuwa nayo. Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, akaniandikia barua nzuri ambayo Hajati hakuifungua. Polisi wakaniambia deni la mshahara si jinai, na wakanionya nisirudi kule kufanya fujo. Wakili akataka 300,000 kabla ya kufungua faili, wakati mimi nadai 600,000. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Aliyenitoa gizani ni jirani, mlinzi wa usiku aliyewahi kudhulumiwa. Akaniambia, "Dada, nenda kwa leba ofisa." Ndiye afisa wa kazi, anakaa kwenye ofisi za serikali ya mtaa, na sikulipishwa kitu. Kwake ndiko nilikojua kwamba Sheria ya Ajira ya 2006 inatambua hata mapatano ya mdomo. Akanieleza pia kwamba malalamiko yakipita siku 90 bila yeye kutoa uamuzi, ninaweza kuyapeleka Mahakama ya Viwanda, inayoamua migogoro ya kazi. Lakini kwanza akaniuliza: nani anajua kwamba ulifanya kazi Julai hadi Septemba, na kwa kiasi gani?

Hapo kwenye kiasi ndipo wengi wetu tunapokwama. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijaguswa tena. Hiyo leo hainunui hata samaki wa kushibisha meza moja. Kwa hiyo sheria haitakusaidia kukisia mshahara wako. Lazima uoneshe mlichopatana. Bahati yangu, Mei na Juni Hajati alinilipa kwa simu, na zile jumbe za 200,000 sikuzifuta.

Siku zenyewe za kazi nilizipata kwa mama aliyekuwa akituuzia angara, samaki wa Ziwa Albert, kutoka Panyimur. Kila asubuhi nilipokea samaki kwa mkopo nikatia sahihi kwenye daftari lake, lile la shule la kurasa 96, limelowa mafuta mpaka herufi zinaonekana upande wa pili. Nikamwomba aniazime.

Siku afisa alipotuita sote wawili, Hajati alisema niliacha kazi mwezi wa sita. Afisa akafungua daftari. Sahihi yangu ipo, asubuhi baada ya asubuhi, hadi Septemba 28. Na pembeni, kila Jumamosi, mkono wa Hajati mwenyewe kwa kalamu nyekundu: "imelipwa". Alikuwa analipa samaki niliowapokea mimi, wiki kwa wiki, huku akijua mpokeaji hajalipwa. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo.

Tuliandikiana awamu tatu, 200,000 kila mwezi, tukatia sahihi mbele ya afisa. Mbili zimeingia. Ya tatu inatakiwa mwisho wa mwezi huu, na nakala ya mapatano iko chini ya godoro.

Daftari sikukaa nalo sana. Mama wa samaki alinipigia simu mara nne siku ile ile, maana habari zilikuwa zimeenea sokoni kwamba halipo, na wadaiwa wake wawili walishaanza kusema wamelipa.