Kadi Umeipandisha Kasi, Mbona Gemu Linazidi Kukwama?

Kaskazi ikishaanza kuvuma, vijana huniletea kompyuta zao za gemu hapa Kikwajuni, Zanzibar, na swali huwa lile lile: "Kaka, kadi nimeiovakloki, mbona fremu zimepungua?" Yaani kadi ya picha ameipandisha kasi kupita ya kiwandani, lakini picha zinazotoka kila sekunde zimekuwa chache. Wengi huja wameshajiridhisha kwamba kadi imeungua, na wengine wameshaanza kutafuta mnunuzi. Jamani, msiuze. Kadi iliyoungua haiwaki, au inatapakaza madoa kwenye skrini. Hiyo inayowaka vizuri lakini inakwenda taratibu kuliko kabla hujaigusa, mara nyingi ni nzima kabisa. Kuna kitu kinaizuia, na kitu hicho kinaweza kuonekana.

Ningependa kila mtu afahamu hili kabla ya kufungua MSI Afterburner, programu ya kubadilisha kasi ya kadi: ile +150 ya megahezi unayoiweka ni ombi tu. Tangu GTX 680 ya mwaka 2012, kadi za Nvidia hujipangia kasi zenyewe kwa kuangalia joto, wati na volteji. Ukiomba zaidi wakati joto limeshapanda, kadi inashusha kidogo kidogo. Ukiwa umeongeza na volteji, unaweza kuishia chini ya pale ulipoanzia.

Kwa hiyo rudisha kwanza kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Cheza sehemu ile ile ya gemu lile lile kwa dakika 20, au endesha Unigine Superposition, programu ya kupima kadi ambayo inapatikana bure, kisha andika fremu au alama ulizopata. Dakika mbili hazitoshi, kwani joto huchukua muda kutulia. Halafu fungua GPU-Z, programu inayoonesha hali ya kadi, uangalie mstari wa PerfCap Reason, unaotaja kinachoizuia kadi. Ukiona Thrm, kadi imezuiwa na joto. Pwr, imefika mwisho wa wati zake. VRel, imefika mwisho wa volteji. Bila ya kuusoma mstari huo, kila unachobadilisha ni kubahatisha.

Pahala panapowapoteza watu wengi ni memori ya kadi. Tumezoea kwamba memori ikizidishwa, skrini itatoa rangi za ajabu au kompyuta itazima. Lakini kuanzia memori za aina ya GDDR5, data inapita ikiwa na alama za ukaguzi, na ikigundulika imeharibika njiani hutumwa tena. Hakuna madoa wala gemu halijifungi. Kinachopotea ni muda, na muda huo ndio fremu zako. Kijana anaona skrini iko safi, anaamini mambo yako sawa, anaongeza tena, kumbe sehemu ya juhudi ya kadi inakwenda kwenye kurudia kazi. Dawa yake ni kupanda kwa hatua za megahezi 50 na kupima kila hatua. Alama za kipimo zikiacha kupanda, mpaka umeshaupita, hata kama macho hayaoni kitu. Rudi nyuma megahezi 100 na ubaki hapo. Wenye RX 580, kadi ya AMD, wana bahati zaidi, kwa sababu programu ya HWiNFO inawaonesha idadi ya makosa ya memori. Idadi hiyo inatakiwa iwe sifuri.

Sasa tuje kwenye joto la kwetu. Maelekezo mengi ya kupandisha kasi yameandikwa na watu waliokaa kwenye chumba cha nyuzi 20. Chumba cha juu chini ya bati, mwezi wa pili, saa nane mchana, ni habari nyingine. Chumba kikiongezeka nyuzi 12, kadi nayo inaongezeka karibu kiasi hicho hicho. Kadi ya nyuzi 70 huko kwao inakuwa ya 82 hapa, na GTX 1060 imepangiwa kiwandani isizidi 83. Nafasi ya kupandisha iko wapi? Ongeza na hewa ya bahari inayoingia madirishani, ambayo inalifanya vumbi ligande kama utando kwenye mabamba ya kupoozea. Lisafishe kwa brashi laini huku umezishika feni zisizunguke. Na kama kadi ni ya mtumba, linganisha joto la kawaida na lile la pahala penye moto zaidi kwenye chipu. Tafauti ikipita nyuzi 25 hivi, mimi huifungua na kuipaka pesti mpya ya kupitisha joto kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Watu hupenda pia kuulaumu umeme. Ni kweli jioni mtaani volteji hushuka, na stabilaiza ni kinga nzuri. Lakini pawa saplai nzuri inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo stabilaiza haitakuongezea fremu hata moja. Angalia badala yake waya zinazoingia kwenye kadi. Plagi ya pini 6 ni ya wati 75, ya pini 8 ni ya wati 150. Kiunganishi cha kugeuza waya wa hadi-diski kuwa wa kadi kitoe leo leo, kwani kinaweza kuyeyuka.

Ushauri wangu kwa msimu wa joto ni kupunguza volteji. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, mchoro wa volteji na kasi utafunguka. Kwenye RTX 3060 mimi huanza na milivolti 900, nikatafuta kasi ambayo kadi inaihimili hapo bila kuyumba. Chipu hazifanani, kwa hiyo usinakili namba za mwenzako. Wati zinapungua, joto linashuka, na kasi inasimama pale pale tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho.

Kama matumizi ya kadi yako kwenye asilimia 60 huku kiini kimoja cha prosesa kimejaa, hayo yote hayakuhusu. Tatizo ni prosesa, au umechomeka kijiti kimoja tu cha RAM. Nawaonea huruma khasa walionunua RX 6500 XT na kuiweka kwenye kompyuta za ofisi za zamani. Kadi hiyo ina njia 4 tu za PCIe, yaani za kupitishia data kati yake na bodi ya kompyuta, na kwenye bodi ya PCIe ya kizazi cha 3 kila njia inapitisha nusu ya uwezo wake. Hakuna kupandisha kasi kutakakoziba pengo hilo. Punguza ubora wa picha ili memori yake ya GB 4 isijae.

Afterburner ina nafasi tano za kuhifadhi mipangilio. Weka ya kaskazi kwenye nafasi ya 1 na ya kusi kwenye ya 2, na usiruhusu mipangilio hiyo kujiwasha pamoja na Windows mpaka umeichezea wiki nzima bila kukwama.