Tiba ya mwanga pamoja na sindano ya steroidi
Ndugu, umeuliza kwa nini mwaka 2005 mama yako, mwenye uharibifu wa kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) unaotokana na umri, alipewa tiba ya mwanga pamoja na sindano ya steroidi jichoni. Vateporfini, dawa inayoamshwa na mwanga, huingizwa mshipani kwa dakika 10, kisha leza isiyounguza humulika retina kwa sekunde 83 ili kuziba mishipa inayovuja. Na kwa kuwa tiba yenyewe huamsha uvimbe, triamsinoloni, ndiyo ile steroidi, mara nyingi miligramu 4, iliongezwa ili kuutuliza. Kasoro yake, nayo si ndogo, ni kwamba steroidi hupandisha presha ya jicho na kuharakisha mtoto wa jicho. Ranibizumabu, dawa ya sindano ya jichoni inayozuia mishipa hiyo kukua na kuvuja, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2006, mchanganyiko ule ulianza kuachwa.