Siku ya 19 baada ya kupandikizwa uloto: je, umeshika?

Swali: Mwanangu wa miaka 7 ana selimundu, amepandikizwa uloto (uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa kaka yake. Leo ni siku ya 19. Chembe nyeupe ni 1.2 (elfu katika maikrolita), na kati yake niutrofili, zile zinazopambana na bakteria, ni asilimia 35. Chembe sahani, zinazogandisha damu, juzi zilikuwa elfu 62, leo elfu 38. Je, uloto umekataa?

Jibu: Mama, majibu haya hayasemi umekataa. Zidisha 1.2 kwa 0.35 upate 0.42, yaani niutrofili 420 katika maikrolita moja ya damu. Uloto huhesabiwa umeshika niutrofili zikifika 0.5 (yaani 500) au zaidi kwa siku tatu mfululizo, na siku ya kwanza kati ya hizo ndiyo huandikwa kwenye faili. Uloto uliovunwa kwenye nyonga mara nyingi hufika hapo kati ya wiki ya pili na ya nne. Ikipita siku ya 28 bila kufika, hapo ndipo madaktari huzungumzia kushindwa kushika.

Namba ya chembe sahani ndiyo inayotisha bure. Uliza aliongezewa chembe sahani lini mara ya mwisho. Kama ni muda mfupi kabla ya kipimo cha juzi, sehemu kubwa ya zile 62 zilikuwa za mchangiaji damu. Hizo huishi siku chache tu, na homa huzimaliza mapema zaidi. Mtoto wa selimundu kwa kawaida huongezewa zikishuka chini ya 50, kwa kuhofia damu kuvuja kwenye ubongo, kwa hiyo usishtuke wakileta mfuko mwingine leo. Zake mwenyewe huhesabiwa zimerudi zikikaa 20 au zaidi siku saba bila kuongezewa, na karibu kila mara hutanguliwa na niutrofili.

Chembe zikikwama bila kupanda, daktari huangalia virusi, hasa saitomegalo, na dawa: gansaikloviri, kotrimoksazoli na methotreksati zote hukandamiza uloto. Usisimamishe dawa mwenyewe, siklosporini hasa, kwani ndiyo inayozuia mwili wake kuukataa uloto.

Akifika joto la nyuzi 38, mwite muuguzi papo hapo, kabla ya kumpa parasetamoli.

Karibu na siku ya 30 uliza kipimo cha asilimia ya chembe za kaka yake katika damu. Haihitajiki 100: katika selimundu, hata mchanganyiko unaodumu huweza kutosha kuuondoa ugonjwa.