Kabla hujahamisha databesi kwenda klaudi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya seva hapa Arusha, ukiambiwa uhamishe databesi ya ofisi kwenda klaudi, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, shika kikokotoo kwanza. Gigabaiti 200 kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama saa 44, na hapo laini isiyumbe. Mimi niliahidi wikendi moja. Jumatatu wahasibu wameshakaa vitini, data bado iko njiani. Siku hizi napandisha nakala kubwa mapema, mfumo wa zamani ukiwa kazini, kisha replikesheni, yaani kunakili kila badiliko papo hapo kwenda seva ya pili, inafuatia mabadiliko. Usiku wa kuhama unabaki wa dakika chache tu.

Angalia na saa. Seva nyingi za klaudi huja na UTC, saa ya pamoja ya dunia, iliyo saa tatu nyuma yetu. Ofisi yetu ya Njiro ni ya utalii. Mgeni wa Marekani akilipa saa nane usiku wetu, ripoti ikamwandika kalipa jana. Aliyegundua ni mhasibu, si mimi, na alinikumbusha kwa muda mrefu.

Kuhusu majanga, muulize bosi mawili: tunaweza kupoteza data ya dakika ngapi, na tunaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Atajibu "sifuri" yote mawili. Mwonyeshe bei, atarudi chini mwenyewe. Halafu usimdanganye kwamba replika, ile nakala inayofuata kila badiliko, ni bakapu. Mtu akifuta jedwali huku, na kule linafutika papo hapo. Unahitaji bakapu inayokurudisha hadi dakika ile kabla ya kosa.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika. Seva yetu iliyoko Cape Town ilikuwa nzima kabisa, ila sisi hatukuifikia, na magari yalitakiwa kutoka alfajiri. Tangu hapo orodha ya safari za siku saba zijazo hunakiliwa kila jioni kwenye kompyuta ya ofisini: mgeni, dereva na loji tu.

Mwisho, jaribu kurejesha bakapu ukiwa na saa mkononi. Zoezi letu la kwanza tulijifanya seva imeungua. Bakapu ilikuwepo, imefungwa vizuri kwa usimbaji, haisomeki bila ufunguo. Ufunguo wake ulikuwa ndani ya seva ileile "iliyoungua". Sasa umeandikwa kwenye karatasi, uko ndani ya kasiki, pamoja na funguo za akiba za Land Cruiser.