Sato kufa alfajiri: usimwage dawa bwawani kwanza

Mkuu, pole sana. Sato 400 kuelea tumbo juu kwa usiku mmoja si jambo dogo. Umesema hapo Mbagala muuza dawa amekushauri uue ukijani wote wa bwawa kwa mpigo. Nakuomba usubiri kwanza, maana na mimi yalinikuta Kigamboni, bwawa la mita 10 kwa 15, mwezi wa pili, na joto la mwezi huo unalijua.

Nilikuwa nalisha kwa mapenzi. Kila jioni pumba, mashudu na dagaa wa kusaga mpaka samaki wasuse, na kila Jumamosi kiroba kizima cha samadi ya kuku. Maji yakawa kijani kama kisamvu, nikajua ndiyo rutuba yenyewe. Siku moja saa kumi na moja alfajiri nikasikia kama manyunyu yanagonga maji. Kutoka nje, mbingu nyeupe, hakuna mvua. Ilikuwa midomo. Sato wote wamepanda juu wanagugumia hewa, na jua lilipochomoza, zaidi ya nusu yao walikuwa wamekufa. Lakini kambare kumi niliowachanganya humo humo walikuwa wazima wote. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, sato hana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichoisha ni oksijeni.

Ule ukijani ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mchana inatoa oksijeni, usiku inaivuta kama samaki wanavyovuta, na kule chini bakteria wanaoozesha mabaki nao wanavuta. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni ile ya kukaribia jua kutoka. Na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 lita moja hushika miligramu 9 hivi, kwenye nyuzi 30 inashuka hadi kama 7 na nusu.

Sasa jiulize chakula chote kile kilikwenda wapi. Katika naitrojeni iliyomo kwenye chakula, samaki anabaki na takriban robo hadi theluthi mwilini. Inayobaki inatoka kwenye matamvua kama amonia, au inaoza chini na kuwa amonia vilevile. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia. Ukijani unakula amonia na naitreti, wadudu wadogo wa majini wanakula ukijani, vifaranga wa samaki wanakula wadudu, na sato mwenyewe anachuja ukijani. Kila mmoja anakula kinachomuua mwenzake. Mimi nilimwaga chakula kingi kuliko walaji, na bakteria walipoongezeka kukimbizana na mabaki wakamaliza hewa ya wote.

Ndiyo maana naiogopa hiyo dawa. Ukijani ukifa wote siku moja utaoza wote siku moja. Oksijeni itaporomoka zaidi, na amonia iliyokuwa imemezwa na mimea hiyo itarudi majini. Waliobaki utawazika.

Nikiri na kosa la pili, maana naona wengi humu mnalirudia. Msimu uliofuata niliwatoa kambare kwa sababu wanakula vifaranga, nikaona wananipa hasara. Sato jike hutunza mayai mdomoni, kwa hiyo watoto wengi wanapona, na akifika miezi mitatu hivi anaweza kuanza kuzaa. Wakajazana wakadumaa, na baada ya miezi sita nilivua mamia ya samaki wa ukubwa wa kiganja. Hakuna mteja aliyewataka. Sasa narudisha kambare wachache kila msimu, ila nawaingiza wakiwa wadogo kuliko sato, la sivyo wanaanza na wale uliowanunua.

Ukipata nafasi, pita kwenye mikoko ya Mtoni Kijichi maji yakiwa yamekupwa, usimame kimya kidogo. Kaa watatoka. Utaona mmoja anakokota jani la mkoko kubwa kuliko mwili wake, analiingiza shimoni kinyumenyume. Analila, kinachobaki kinaliwa na bakteria, na shimo lenyewe linapitisha hewa kwenye tope. Bwawa lako halina kaa, wala bahari ya kuja kulisuuza mara mbili kwa siku. Kazi hiyo ni yako.

Kwa leo, simamisha chakula siku mbili tatu na samadi usiiguse. Toa robo ya maji kwa kuyavuta kutoka chini kwenye tope, umwagilie matembele au migomba. Ukijazia maji ya kisima, yaanguke kutoka juu kwa kishindo, maana mengi yanatoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo. Ya bomba yalaze kwanza kwenye tenki wazi, klorini itoke. Halafu zamisha mkono mpaka kiwiko. Kiganja kikianza kupotea maji yanapofika kiwikoni, ukijani unatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, umezidi, endelea kupunguza maji kidogo kidogo.

Kesho uwe bwawani kabla ya jua, usikilize midomo. Kisha leta mrejesho hapa, na utuambie kina cha bwawa na wangapi wamebaki.